Kusoma Makaburi ya Wayahudi wa Nairobi

Ipo aina moja ya utungo ambayo kila mtu mwishowe aweza kuwa mhusika wake, wala haifundishwi katika darasa lolote. Ni utungo wa jiwe la kaburi. Mtungaji wake hatajwi. Anayesimuliwa hawezi kuusoma wala kuusahihisha. Na fundi mchongaji hudai malipo kwa kadiri ya herufi, basi mwenye msiba hujifunza kwa siku moja ule ufupi ambao sisi walimu hushindwa kuufundisha kwa miaka minne. Waarabu huliita jiwe hilo shahidi. Jina hilo lafaa, kwa kuwa shahidi aweza kusema kweli, aweza kusema uongo, na aweza pia kunyamaza. Kazi ya mhakiki ni kupambanua hayo matatu.

Kwa miaka kadha sasa nimekuwa na desturi ya kuwachukua wanafunzi wangu wa chuo cha ualimu kwenda kusoma mawe katika mji wa Nairobi, kama vile walimu wengine wawachukuavyo wao kwenda kutazama wanyama. Mahali tuanzapo, kwa ruhusa ya wenyewe, ni makaburi ya Wayahudi. Yako katika barabara iliyoitwa zamani Forest Road, na ambayo leo ina jina la Profesa Wangari Maathai, upande wa miti ya City Park. Mama huyo alipofariki mwaka 2011 aliacha wosia kwamba mti usikatwe kwa ajili ya jeneza lake, na mwili wake ukachomwa katika tanuri la Kariokor, si mbali na hapo. Kwa hiyo barabara ya makaburi imepewa jina la mtu ambaye hakutaka kuzikwa kama watu wengi wazikwavyo. Jambo hili nalitaja kwa sababu wanafunzi hulifurahia, na kwa sababu tutarudi Kariokor kabla ya insha hii kwisha.

Kwanza yatupasa kujua wenye mawe hayo ni akina nani. Wanafunzi wengi huja huko wakidhani kuwa Myahudi ni mtu wa katika Biblia tu, au wa katika Kurani, aliyevaa kanzu na kuchunga kondoo kando ya Yordani. Nao hushangaa kuona jina la mtu aliyekuwa na duka katika mtaa wanaoujua. Wayahudi wa Kenya hawakupata kuwa wengi. Walianza kufika katika miaka ya kwanza ya mji wa Nairobi, ambao wenyewe ulizaliwa na reli mwaka 1899. Mwaka 1904 waliunda jumuiya yao ya ibada, na mwaka 1912 Gavana Sir Percy Girouard aliwawekea jiwe la msingi la sinagogi yao ya kwanza. Sinagogi ya sasa, iliyo penye makutano ya Uhuru Highway na University Way, ilijengwa katikati ya miaka ya 1950, na katika miaka hiyo hiyo, toka 1955 hata 1957, Meya wa Nairobi alikuwa Myahudi, Israel Somen. Hata mtu aliyekunywa kikombe kimoja cha chai katika Hoteli ya Norfolk au ya New Stanley ameketi ndani ya historia yao bila kujua, maana hoteli hizo, moja mwaka 1927 na ya pili mwaka 1947, ziliingia katika mali ya Abraham Block, mzaliwa wa Lithuania aliyefika nchini mwaka 1903 akiwa kijana.

Wengine walikuja baadaye, na hao hawakuja kutafuta mali. Walikimbia utawala wa Hitler katika miaka ya 1930. Ujerumani iliwaambia kwamba wao si Wajerumani. Kisha vita vilipoanza, Septemba 1939, serikali ya Kiingereza ya Kenya ikatazama karatasi zao za safari na kuwaambia kwamba ndio Wajerumani, ikawatia kizuizini pamoja na watu wa taifa lile lile lililowafukuza. Stefanie Zweig, aliyeletwa Kenya mtoto mwaka 1938, ameyatungia riwaya mambo ya siku hizo, iitwayo Nirgendwo in Afrika, nayo ilitoka mwaka 1995. Nawaomba wanafunzi waliweke jambo hilo moyoni wanapoingia langoni. Mtu ambaye kila serikali imemwita jina lisilo lake, ni nani hatimaye atakayemwandika sawasawa?

Sasa natusome. Juu kabisa ya jiwe la Kiyahudi, kwa desturi, huwapo herufi mbili tu, Pe na Nun. Ni kifupisho cha maneno yenye maana ya kwamba hapa amezikwa fulani. Lakini neno la pili lasomwa kwa njia mbili, na kwa njia moja maana yake si kuzikwa bali ni kufichwa. Tazama ilivyo tofauti kubwa. Kilichozikwa kimekwisha, kilichofichwa chaweza kutafutwa, tena hakifichwi ila kitu cha thamani. Mshairi wetu wa mwambao angehitaji ubeti mzima ili kufika hapo, na mara nyingi angefika akiwa amechoka. Hapa zimetumika herufi mbili.

Kisha hufuata jina, nalo huandikwa pamoja na jina la baba. Safari moja tulikuwa na mwanafunzi wa kutoka Lamu, ambaye babu yake aliandika mashairi kwa herufi za Kiarabu. Yeye aliona upesi kuliko wenziwe kwamba mstari waanzia kulia. Nilipolisoma neno lililo kati ya majina mawili, "ben", alinikatiza akasema, "Lakini Mwalimu, huyo si bin?" Naam, ni bin. Na penye kaburi la mwanamke neno ni "bat", ambalo ni jamaa wa binti wetu. Kiebrania na Kiarabu ni ndugu, na sisi tuliazima kwa mmojawapo. Wanafunzi wote wakaanza kutafuta mabin na mabinti katika mawe, na kwa nusu saa sikuwa na kazi. Nalisimulia hilo ili msomaji aone kwamba utungo ulioonekana mgeni kabisa ulikuwa na mlango ambao ufunguo wake Waswahili wanao mfukoni.

Tarehe nazo huandikwa kwa herufi, maana kila herufi ya Kiebrania ina thamani ya hesabu, na mwaka huhesabiwa tangu kuumbwa kwa ulimwengu kwa mapokeo ya Kiyahudi. Mwaka wetu wa 1905, kwa mfano, waangukia katika miaka yao ya 5665 na 5666. Wako watakaosema kuwa hilo ni jambo dogo. Mimi naliona kuwa ni uhodari wa utungo. Mtu aliyefia Nairobi, mji ambao siku hizo haukuwa na umri wa kutosha kwenda shule, awekwa na jiwe lake katika hesabu ya miaka elfu kadha, na mji wenyewe waonekana mtoto mbele yake.

Chini kabisa huwa na herufi tano. Ni dua iliyotolewa katika maneno ya Abigaili kwa Daudi, katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli: kwamba nafsi ya marehemu ifungwe pamoja na uhai. Neno linalotumika kwa kifungo hicho ni neno la furushi. Msafiri hukusanya vitu vyake asivyotaka vipotee njiani, akavitia katika kitambaa, akafunga fundo. Mfano huo ni wa mtu ahamaye, si wa mtu akaaye katika jumba la mawe, na ndiyo maana naupenda kuliko mifano yote ya malaika na mataji niliyoisoma katika makaburi mengine ya mji huu. Baadhi ya mawe ya Kiyahudi huongezewa alama: mikono miwili iliyonyoshwa, ikiwa marehemu alikuwa wa ukoo wa makuhani, kwa kuwa makuhani hubariki watu kwa mikono hiyo, au birika, ikiwa alikuwa Mlawi, kwa kuwa Walawi huwanawisha makuhani mikono. Picha ya uso wa mtu, kwa kawaida ya kale, haiwekwi. Wageni nao hawaleti maua, bali huokota kijiwe wakakiweka juu ya kaburi. Wenyewe hutoa sababu nyingi za desturi hiyo. Mimi nashika iliyo rahisi: kijiwe hakinyauki, na ajaye nyuma atajua kuwa palikuwa na mtu kabla yake.

Lakini mhakiki asiwe msifu tu. Mawe mengi ya makaburi hayo yameandikwa kwa lugha mbili, Kiebrania na Kiingereza, na mtu azisomaye zote mbili atagundua kwamba si tafsiri. Ni tungo mbili kwa wasomaji wawili. Kiebrania chamtaja mtu kwa baba yake na kumwombea. Kiingereza chamtaja kwa jina la ukoo alilolipia kodi, chatoa tarehe za serikali, kisha, hapo ndipo nionapo kasoro, chaanza kumwaga sifa. Marehemu ni mpendwa, ni mwema, hatasahauliwa kamwe. Sina shaka kwamba waliosema hivyo walisema kwa machozi. Lakini sifa hizo hizo utazikuta kwa Waanglikana, kwa Wagoa, kwa kila aliyewahi kuzikwa kwa Kiingereza, na ukiyahamisha mawe usiku hapana atakayetambua asubuhi. Jaribio hili nawafundisha wanafunzi kwa kila utungo: neno ambalo laweza kuhamishiwa kwa mtu mwingine lisimdhuru wala lisimfae, hilo halikuandikwa kwa ajili yake. Kwa kipimo hicho, neno "bin fulani" ni fasihi bora kuliko "mpendwa wa wote".

Iko kasoro ya pili, nayo ni ya kunyamaza, na kwa hiyo ni ngumu zaidi kuieleza. Ili niieleze yanipasa nirudi nyuma hata pango la Makpela.

Katika Kitabu cha Mwanzo, sura ya 23, Sara afa katika nchi ya Kanaani, na Ibrahimu hana mahali pa kumzika. Mungu amekwisha kumwahidi nchi yote ile. Lakini Ibrahimu hajidai kwa ahadi hiyo. Asimama mbele ya wenyeji, wana wa Hethi, akiri kuwa yeye ni mgeni, na aomba auziwe pango. Mwenye pango, Efroni, amwambia achukue bure. Ibrahimu akataa. Alipa shekeli 400 za fedha, mbele ya mashahidi, langoni mwa mji. Kipande cha kwanza cha ardhi ambacho baba wa Wayahudi alikimiliki kilikuwa kaburi, na alikinunua kwa bei kamili kutoka kwa wenyewe. Hata leo jumuiya ya Kiyahudi iingiapo katika mji mpya yapaswa kutafuta mahali pa kuzikia mapema, hata kabla ya kujenga nyumba ya kusalia.

Sasa weka kisa hicho karibu na kisa kingine. Mwezi wa Aprili 1903, katika mji wa Kishinev uliokuwa chini ya Urusi, Wayahudi waliuawa na nyumba zao kuvunjwa. Mwaka huo huo Waziri wa Makoloni wa Uingereza, Joseph Chamberlain, aliyekuwa amepita nchini kwa reli, alimpa Theodor Herzl, kiongozi wa Wayahudi waliotaka nchi yao, pendekezo la ardhi ya kiasi cha maili mraba 5,000 katika Afrika Mashariki. Historia huliita jambo hilo Mpango wa Uganda, lakini ardhi yenyewe ni Uasin Gishu, ambayo mwaka 1902 ilikuwa imekwisha hamishwa toka Uganda kutiwa katika nchi iliyokuja kuitwa Kenya. Mkutano wa Basel, Agosti 1903, ulipiga kura 295 kwa 178 kwamba wajumbe watumwe kuitazama. Wajumbe watatu walifika mwanzo wa 1905. Walowezi wa Kizungu wa Nairobi, Lord Delamere akiwa mbele, waliupinga mpango huo kwa makelele mengi, na Mkutano wa mwaka 1905 ukaukataa.

Katika barua, simu na hotuba zote hizo, Chamberlain alisema, Herzl alisema, walowezi walisema, wajumbe wakatoa taarifa. Hapana aliyesimama langoni mbele ya wana wa Hethi. Uasin Gishu ni jina la kabila la Wamasai waliolisha ng'ombe zao huko. Jina la nchi lenyewe lilikuwa jina la watu, lakini waliosoma ramani walilisoma kama jina la nyasi. Upande wa pili walikuwapo Wanandi, na Oktoba ya mwaka huo huo wa 1905 kiongozi wao Koitalel arap Samoei aliuawa kwa kupigwa risasi alipokwenda katika mazungumzo ya amani. Mwaka 1908 Makaburu kutoka Afrika Kusini wakafika na magari yao ya ng'ombe, wakapewa ardhi ile ambayo Wayahudi hawakuitaka. Waswahili husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika habari hii mgeni mmoja alialikwa na mtu asiye mwenyeji, mgeni wa pili akaja, na mwenyeji hakupona.

Siwalaumu wafu wa Forest Road kwa mambo hayo. Wengi wao walifika baadaye, mmoja mmoja, wakitafuta riziki au wakitafuta uhai, na Wayahudi wenyewe ndio walioukataa mpango. Lakini mhakiki ana haki ya kuuliza utungo umeacha nini nje, na mawe ya wageni wote wa Nairobi, si ya Wayahudi peke yao, husema mtu alizaliwa wapi na alifia wapi, yasiseme alifia katika nchi ya nani. Wanafunzi wangu hubishana sana juu ya hoja hii. Mmoja alinijibu kwamba jiwe la kaburi halina deni hilo, maana halikuandikwa kwa ajili yetu. Nilimpa alama nzuri, ingawa sikukubaliana naye.

Tutokapo huko huwapeleka katikati ya mji, Kenyatta Avenue, penye sanamu ya Askari. Naamini hapana maandishi ya ukumbusho yanayopitwa na watu wengi zaidi katika Kenya na kusomwa na wachache zaidi. Sanamu zenyewe ni tatu, kazi ya James Alexander Stevenson, nazo zilifunuliwa mwaka 1928: askari wa King's African Rifles, mpiga bunduki wa Kiarabu, na mchukuzi wa mizigo. Maandishi ni ya lugha tatu, Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, na husemwa kuwa yalitungwa na Rudyard Kipling. Yawataja askari wa Kiafrika waliopigana. Yawataja wachukuzi, kwa mfano mzuri wa miguu na mikono ya jeshi. Kisha yatoa ahadi kwa mtu apiganiaye nchi yake kwamba hata akifa, wana wake watalikumbuka jina lake.

Kwa ufundi wa lugha, maandishi hayo yashinda karibu kila jiwe nililolitaja. Yana mfano mmoja tu, nao umechaguliwa vema, yana mwendo, yamwita msomaji. Lakini tembea pande zote za nguzo ile, kama niwafanyizavyo wanafunzi wangu kutembea, na utafute jina moja. Halipo. Maandishi yaahidi kuwa jina litakumbukwa, na yenyewe hayakumbuki hata moja. Mtu angeweza kusema kwamba mahali hapakutosha. Sivyo. Taarifa ya mwaka 2021 ya tume iliyoundwa na shirika lenyewe litunzalo makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola imeeleza wazi kwamba baada ya vita vile vya 1914 hata 1918 maofisa waliamua kwa makusudi. Makaburi ya wachukuzi wa Kiafrika yaliachwa yarudi porini, kwa hoja kwamba wenyeji hawathamini alama juu ya kaburi, na sanamu chache zikasimamishwa badala yake. Taarifa hiyo yakadiria kuwa watu wasiopungua 116,000, na labda hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa. Shirika liliomba radhi mwaka huo huo.

Hoja ile ya kwamba hatukuthamini alama ya kaburi yanitia hasira kama mwalimu wa fasihi, mbali na hasira nyingine. Huko Gedi, karibu na Malindi, liko kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399, lililochongwa miaka mia tano kabla ya Nairobi kuwa kituo cha reli. Na Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alipotunga Al-Inkishafi aliyasimamia magofu ya Pate akawauliza wakubwa wake walikokwenda. Na bara, ambako mawe hayakuchongwa, jina liliwekwa mahali pengine, kama nitakavyosema.

Mwendo wa tatu ni wa magharibi, Ngong Road, kwenye makaburi ya vita yaliyofunguliwa na wanajeshi mwaka 1941. Hapo wamelala karibu watu 2,000 wa vita vya pili. Mawe ni ya namna moja kwa jenerali na kwa kuruta. Kanuni yao ni kwamba cheo hakiongezi kimo. Kila jiwe huwa na jina, namba, kikosi, tarehe, na alama ya dini: msalaba kwa Mkristo, nyota ya Daudi kwa Myahudi. Upo pia ukumbusho wa wale wasiokuwa na kaburi, na miongoni mwao wamo wapiga mizinga wa Afrika Mashariki waliozama na meli ya Khedive Ismail tarehe 12 Februari 1944, ilipopigwa na manowari ya Kijapani ikitoka Mombasa kwenda Colombo. Zaidi ya watu 1,200 walikufa kwa dakika chache. Bahari haina kaburi, lakini Waafrika hao majina yao yameandikwa. Twasoma kwa sauti, kwa zamu, mpaka koo zikauke. Kama uandishi hapo hamna kitu: hakuna mfano, hakuna mizani, hakuna hata kitenzi. Ni orodha. Na bado sijaona darasa lililosikiliza shairi lolote kwa kimya cha namna ile. Baina ya sanamu ya Askari na orodha hii pana safari ya miaka kumi na sita au zaidi kidogo, na yote ambayo mwandishi wa kumbukumbu apaswa kujifunza yamo katika safari hiyo.

Wayahudi nao, baada ya vita hivyo hivyo, walijikuta na wafu milioni sita, na wengi wao bila kaburi lolote. Walifanya nini? Mwaka 1953 waliweka sheria huko Yerusalemu ya kuunda taasisi iitwayo Yad Vashem, jina lililotolewa katika Isaya, lenye maana ya mnara pamoja na jina, nayo hata leo yakusanya majina, moja moja, kwa karatasi ambazo jamaa au jirani hujaza: alikuwa nani, bin nani, wa mji gani. Wamekwisha pata zaidi ya milioni nne na nusu. Ni utungo ule ule wa Forest Road, ila jiwe limekuwa karatasi.

Nimesema tutarudi Kariokor. Mtaa huo, kama Kariakoo ya Dar es Salaam, una jina la kikosi cha wachukuzi, Carrier Corps, kilichotamkwa na midomo yetu. Ndugu wa baba yake babu yangu alichukuliwa mwaka 1917, mwaka ambao wachukuzi walikamatwa kwa wingi kuliko wakati wowote, akavushwa mpaka kuingia nchi ya Wajerumani. Hakurudi. Hapana barua iliyokuja, wala hapana ajuaye ni mto gani au homa gani. Lakini kwetu mtoto hupewa jina la aliyetangulia, na nduguye alipozaa mtoto wa kiume alimpa jina hilo, na jina likapita kwa mtu mmoja hata mwingine mpaka likanifikia mimi. Siku ya kuitwa majina shuleni nalikuwa nikiitika kwa niaba ya watu wawili, na sikujua.

Safari ya mwaka jana tulimalizia kwa kurudi mjini, maana mabasi yetu huondokea huko. Tulipopita Kenyatta Avenue yule kijana wa Lamu, ambaye sasa ni mwalimu na alikuja kutusaidia, alitoa mfukoni kijiwe alichokiokota asubuhi njiani, akakiweka chini ya miguu ya mchukuzi. Mwanafunzi mmoja akamwuliza amekiweka kwa ajili ya nani. Akasema hajui jina la yeyote. Basi nikamwambia langu. Akalitamka mara moja, pamoja na bin na jina la baba, kisha tukavuka barabara kwenda kutafuta basi.